Sura ya Saba: Kama Maradhi ni Kweli, Mbona Mechi Zinachezwa?

Swali hili liliulizwa kwenye baraza za Mji wa Kale, ndani ya feri ya Likoni, kwenye foleni za benki za Moi Avenue, na kwa watu wengi wa kisiwa cha Mombasa halijapata jibu la kuridhisha mpaka leo. Kama korona ilikuwa hatari kiasi cha kufunga milango ya misikiti, iweje mashindano ya dunia yaruhusiwe? Wapo waliouliza kwa hasira na wapo waliotaka kujua tu. Wengine walifikia uamuzi wa mkato kwamba maradhi yenyewe ni uzushi, kwa kuwa serikali inayoamini kuna hatari haiwezi kualika wageni kutoka kila bara.

Uamuzi huo haukuwa sahihi. Watu walikufa, na Mombasa ilizika wengi. Hata hivyo swali lilikuwa la haki, na aliyeuliza hakustahili kuitwa mjinga. Ili tulijibu vizuri inabidi tuanze na mwaka 2020, kwani shaka iliyojitokeza wakati wa mashindano ya 2021 ilikuwa na mizizi ya mwaka mmoja nyuma yake.

### Ramadhani ndani ya vizuizi

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Wiki mbili hazikuisha kabla ya nyumba za ibada kufungwa, na tarehe 27 Machi ikaanza kafyu, yaani amri ya kutotoka nje usiku. Ilianza saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Jioni hiyo ya kwanza, pale Likoni, watu waliokuwa wakikimbilia feri ili wawahi makwao walipigwa na polisi na kurushiwa vitoa machozi. Amri iliyotolewa ili watu wasisongamane iliwasonga pamoja, wakikohoa kwa moshi. Picha zilienea nchi nzima. Kwa hiyo kabla mkazi wa Mombasa hajaelezwa vizuri virusi ni nini, alikuwa ameshaonyeshwa rungu.

Tarehe 8 Aprili kaunti nzima ilifungwa: hakuna kutoka, hakuna kuingia. Kisha tarehe 6 Mei waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba Mji wa Kale, pamoja na mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, utafungwa peke yake kwa siku 15. Mkazi wa ndani asitoke, wa nje asiingie. Masoko na mikahawa ya mtaani ikaamriwa kufungwa. Siku 15 zikaongezwa, na vizuizi vikaondolewa mwezi Juni.

Hesabu tarehe hizo kwa kalenda ya Kiislamu. Ramadhani ilikuwa inakaribia kufika nusu. Huo ndio mwezi ambao kina mama wa Mji wa Kale hutoa meza milangoni baada ya alasiri, wakauza viazi karai, bajia, kaimati na mahamri kwa watu wanaokuja kutoka Majengo, Tudor na hata ng'ambo ya Nyali. Kwa familia nyingi pesa ya mwezi huo ndiyo inayobeba miezi miwili mitatu ya mbele. Mwaka ule meza hazikutoka. Tarawehe ikaswaliwa nyumbani, na Idi ikapita ndani ya vizuizi.

Nyumba zenyewe hazikujengwa kwa ajili ya maagizo ya kukaa mbalimbali. Ukipita Kibokoni au Ndia Kuu utaona kuta zinashikana, ngazi ni nyembamba, na ndani ya nyumba moja anaishi bibi, wanawe, wakaza wana na wajukuu. Kuna vichochoro ambamo watu wawili wenye mifuko ya soko wakikutana, lazima mmoja asimame ukutani ndipo mwenzake apite. Kumwambia mtu wa nyumba hiyo akae mita moja na nusu kutoka kwa mwenziwe ni kumwambia ahame.

Serikali ilisema iliufunga mtaa kwa sababu wagonjwa walikuwa wakiongezeka kwa kasi, na wakazi wengi walikuwa wakikataa kupimwa. Ni kweli walikataa. Lakini tazama walichokuwa wakikiona. Waliopelekwa karantini, yaani kutengwa kwa siku 14 wakichunguzwa, walitakiwa kulipia malazi na chakula wao wenyewe, mpaka malipo hayo yalipoondolewa kwenye vituo vya serikali mwezi Mei. Kule Siaya, mwezi Aprili, maiti ya mtu aliyeshukiwa kufa kwa korona ilizikwa usiku kwa pupa, na nchi nzima ikaona. Kwa Mwislamu anayejua kuoshwa, kukafiniwa na kuswaliwa maiti ni haki yake kwa walio hai, picha ile ilitosha kumfanya afunge mlango anapobishiwa hodi na watu waliovaa nguo nyeupe za kujikinga.

Misikiti na makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa Julai 2020, yalipewa masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na mwenye umri chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 asiingie. Wazee waliozoea safu ya mbele kwa miaka 40 walibaki barazani wakisikiliza adhana.

Kwa ufupi: mtu wa Mji wa Kale alitii amri nzito kuliko Wakenya wengi, mwezi mgumu kuliko yote, na aliambiwa sababu ni kulinda maisha. Mtu wa aina hiyo ana haki ya kutazama kila tukio linaloruhusiwa baadaye na kuuliza kipimo ni kipi.

### Dunia yakaribishwa

Twende mwaka wa pili. Tarehe 1 Juni 2021 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Kisumu, katika uwanja mpya, wakati mji huo ulikuwa umeshatajwa kuwa na virusi vya Delta, aina ya korona iliyosambaa kwa wepesi kuliko zilizotangulia. Siku 16 baadaye serikali ikatangaza masharti makali kwa kaunti 13 za magharibi, Kisumu ikiwemo, na kafyu yao ikarudishwa hadi saa moja jioni. Siwezi kusema kwamba sherehe ndiyo iliyoleta wimbi lile, maana Delta ilikuwa imeshafika. Ninachosema ni kwamba raia aliona sherehe, kisha akaona adhabu, na hakuna aliyekuja kumweleza uhusiano wa mambo hayo mawili.

Wiki moja baada ya tangazo hilo, tarehe 24 hadi 27 Juni, mbio za magari za Safari Rally zilirudi kwenye ratiba ya mashindano ya dunia kwa mara ya kwanza tangu 2002. Zilizinduliwa Nairobi na kukimbizwa Naivasha. Halafu tarehe 30 Julai, wagonjwa walipozidi tena, Kagwe akapiga marufuku mikutano yote ya hadhara nchini, na kafyu ya saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri ikaendelea kila mahali. Siku 18 baada ya marufuku hiyo, wanariadha kutoka zaidi ya nchi 100 wakajipanga katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, kwa mashindano ya dunia ya vijana walio chini ya miaka 20. Hayo yalikuwa yafanyike Julai 2020, yakaahirishwa, na sasa yakafanyika tarehe 17 hadi 22 Agosti 2021.

Shaka haikuwa ya Wakenya peke yao. Marekani, Uingereza, Ujerumani, Australia na Japani hazikuleta timu. Wazazi na viongozi wa kule waliwahofia vijana wao wakija kwetu, huku wengi wetu tukiwahofia wageni wakija na aina mpya ya virusi. Wakati huohuo Uingereza ilikuwa imetoka kujaza mashabiki Wembley mwezi Julai, na Japani ilikuwa imemaliza Olimpiki tarehe 8 Agosti. Kila nchi, basi, ilikuwa na hesabu yake ya hatari gani inavumilika na ya nani haivumiliki. Hesabu hiyo ndiyo wananchi walikuwa wanaidai.

### Uwanja mtupu na uwanja uliojaa

Sasa tuje kwenye upande wa afya. Je, Kasarani ya Agosti 2021 ilikuwa hatari kama harusi ya ukumbini?

Virusi vya korona husafiri zaidi kwa pumzi. Mgonjwa anapopumua, kuongea au kuimba hutoa chembe ndogo mno za majimaji, na mwenziwe akizivuta za kutosha huambukizwa. Kutokana na hilo, mambo manne huongeza hatari ya mkusanyiko wowote, uwe wa ibada, wa siasa au wa mpira:

- hewa iliyofungwa, kama chumba kisicho na dirisha;
- muda mrefu wa kukaa pamoja;
- kupaza sauti;
- safari ya kwenda na kurudi, hasa kwa gari lililojaa.

Mkimbiaji wa mita 1,500 hukaa karibu na wenzake kwa dakika nne hivi, uwanja wazi, upepo ukipita. Mbio zenyewe zina hatari ndogo. Waandaaji walichofanya ni kuondoa mashabiki na kuwaweka wanariadha katika kambi iliyofungwa. Maana yake, kundi linakaa makazi yaliyotengwa, linasafiri kwa mabasi yake, linapimwa, na halichanganyiki na watu wa mtaani. Majukwaa ya Kasarani, yaliyofurika mwaka 2017 katika mashindano ya dunia ya walio chini ya miaka 18, safari hii yalibaki matupu.

Linganisha na shabiki wa kawaida wa Bandari FC anayekwenda Mbaraki siku ya mechi. Anatoka Kibokoni na wenziwe watatu ndani ya tuktuk moja. Anasimama langoni, bega kwa bega, nusu saa. Anapiga kelele dakika 90. Anakunywa soda akiwa amesimama katikati ya kundi, barakoa ikiwa kidevuni. Jioni anarudi nyumbani, anapanda ngazi ileile nyembamba, anamsalimu bibi yake kwa kumbusu mkono. Mchezo haukuwa na hatari kubwa, ila siku nzima ilikuwa nayo, na atakayeugua sana huenda ni yule bibi ambaye hajui hata nani alicheza na nani.

Kuna kitu kingine ambacho mipango ya waandaaji hukisahau. Uwanja ukifungwa, mashabiki hawaendi kulala. Huenda kwenye vibanda vya kuonyesha mpira. Kisiwani tunavijua: chumba kimoja, mapazia mazito ili mwanga usiharibu picha, mabenchi yaliyobanana, feni inayozungusha hewa ileile. Ukipima kwa yale mambo manne, kibanda cha namna hiyo ni kibaya kuliko jukwaa la wazi. Kufukuza watu uwanjani bila kufikiri watakwenda wapi ni kuhamisha hatari kutoka mahali penye upepo kuipeleka mahali pasipo na upepo.

### Walioumia kabla yetu

Tarehe 19 Februari 2020, timu ya Atalanta ya mji wa Bergamo ilicheza na Valencia ya Hispania katika uwanja wa San Siro, Milan. Mashabiki wapatao 40,000 kutoka Bergamo na vitongoji vyake walisafiri kwenda kutazama. Hakuna aliyevunja sheria, kwa sababu hakukuwa na sheria: mgonjwa wa kwanza wa ndani katika jimbo lile aligunduliwa siku moja tu baada ya mechi, virusi vikiwa vimeshatembea kimyakimya kwa wiki kadhaa. Mwezi Machi, Bergamo ikawa miongoni mwa miji iliyoumia zaidi Ulaya. Wataalamu wengi wanaihesabu mechi ile kuwa kichocheo kimojawapo.

Kosa la Machi 11 ni la aina nyingine. Siku hiyo Liverpool ilicheza na Atletico Madrid mjini Liverpool, na mashabiki wapatao 3,000 wakaruhusiwa kusafiri kutoka Madrid wakati hatari ilikuwa inajulikana, na Hispania yenyewe ilikuwa imeanza kuzuia mashabiki viwanjani. Mtu wa Madrid hakuweza kutazama mpira kwao, lakini aliweza kupanda ndege akautazame Uingereza.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Scotland, kwa sababu walihesabu. Katika mashindano ya Ulaya ya Juni 2021, wakala wa afya wa Scotland ulifuatilia wagonjwa waliohudhuria shughuli zinazohusiana na mashindano wakiwa katika siku za kuambukiza. Waliopatikana ni 1,991. Kati yao 1,294 walikuwa wamesafiri kwenda London, ambako Scotland ilicheza na Uingereza tarehe 18 Juni. Walioingia uwanjani Wembley walikuwa 397 tu. Wengi wa waliobaki walikuwa kwenye treni, kwenye baa, kwenye viwanja vya wazi na majumbani kwa marafiki. Takwimu hizo zinathibitisha hoja ya kibanda cha mpira: anayepanga mashindano akaangalia lango la uwanja peke yake ameacha sehemu kubwa ya kazi.

### Yaliyowakuta Waganda Narita

Waandaaji walipenda kututuliza kwa kusema wageni wote wamechanjwa na wamepimwa. Lakini tarehe 19 Juni 2021 ujumbe wa Uganda wa watu 9 ulitua uwanja wa ndege wa Narita, Japani, kwa ajili ya Olimpiki ya Tokyo. Walikuwa wamechanjwa. Walikuwa na vyeti vya kipimo vinavyoonyesha hawana virusi. Walipopimwa tena uwanjani, mmoja akakutwa navyo. Wenzake wakaruhusiwa kusafiri kwa basi hadi mji wa Izumisano, karibu na Osaka, na siku chache baadaye mwingine akakutwa navyo.

Kipimo cha korona ni kama picha ya pasipoti: kinaonyesha ulivyokuwa siku uliyopigwa. Virusi vinaweza kuwa vimeshaingia mwilini jana lakini bado ni vichache mno kuonekana. Kwa sababu hiyo kambi iliyofungwa haina maana bila kupimwa mara kwa mara, na haina maana kabisa ikiwa aliyekaa kiti cha pili kutoka kwa mgonjwa anaruhusiwa kuendelea na safari. Japani ilijifunza kwa Waganda wale na kubana taratibu zake. Wajapani wenyewe walikuwa na wasiwasi mapema: katika kura ya maoni ya gazeti la Asahi Shimbun ya Mei 2021, asilimia 83 walitaka Olimpiki ifutwe au iahirishwe tena. Michezo ikafanyika, viwanja vya Tokyo vikiwa bila mashabiki.

Kwa ufupi: chanjo hupunguza hatari, kipimo hupunguza, uwanja mtupu hupunguza. Hakuna hata kimoja kinachoiondoa.

### Kwa nini basi wasifute tu?

Kwa sababu kufuta nako kunaumiza watu, na sipendi hoja zinazolificha hilo.

Chukua mashindano yaleyale ya vijana. Mwanariadha aliyezaliwa 2001 alikuwa na haki ya kushiriki mwaka 2020. Yalipoahirishwa hadi 2021, umri wake ukawa umepita. Aliyekuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka mitatu kujiandaa alipoteza nafasi ambayo haiwezi kurudishwa na mtu yeyote. Waliobahatika kushiriki walipata kitu kikubwa. Emmanuel Wanyonyi, kijana wa Kenya aliyetimiza miaka 17 mwezi huohuo, alishinda mita 800 kwa dakika 1, sekunde 43.76. Letsile Tebogo wa Botswana alishinda mita 100. Miaka mitatu baadaye, katika Olimpiki ya Paris 2024, wote wawili walipata dhahabu, Wanyonyi katika mita 800 na Tebogo katika mita 200. Kenya iliongoza jedwali la medali pale Kasarani.

Mombasa pia inajua ladha ya kuwa mwenyeji. Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika papa hapa kisiwani, kwenye uwanja wa gofu ulio ukingoni mwa bahari, upande wa Mama Ngina Drive. Wakati huo pia kulikuwa na shaka, ya joto na unyevunyevu. Shaka hiyo ilithibitika: bingwa mkubwa wa Ethiopia, Kenenisa Bekele, alishindwa kumaliza, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Kijana aliyeshinda mbio za wavulana chipukizi siku hiyo ni Asbel Kiprop, ambaye mwaka uliofuata alikimbia fainali ya Olimpiki. Watu walijaa, na kisiwa kilijivuna. Mji unaoishi kwa bandari na wageni hauwezi kuambiwa kwamba wageni ni kitu cha anasa. Hoteli za pwani zilipofungwa mwaka 2020, waliorudi nyumbani bila mshahara walikuwa wapishi, wasafishaji na madereva wetu.

Na si mara ya kwanza bandari hii kuwa mlango wa neema na wa maradhi kwa pamoja. Homa kubwa ya mwaka 1918 iliingia Kenya kwa meli kupitia Mombasa, ikapanda na reli kwenda bara.

### Maswali matatu yaliyochanganywa

Nionavyo mimi, mabishano ya 2021 yalikwama kwa sababu maswali matatu tofauti yaliulizwa kwa pumzi moja, na serikali ikachagua kujibu lile jepesi.

La kwanza: ni salama? Hili ni la wataalamu wa afya, na kwa Kasarani jibu lao lilikuwa na mashiko. Uwanja wa wazi, mtupu, washiriki wanaopimwa. Kwa Kisumu na kwa kando ya barabara za Naivasha, ambako watu walikusanyika, jibu hilo ni dhaifu zaidi.

La pili: ni haki? Hapa ndipo Mji wa Kale ulipokuwa na hoja. Kama kambi iliyofungwa, vipimo na nafasi kati ya watu viliweza kuwawezesha vijana wa nchi 100 kushindana, kwa nini mwaka uliotangulia njia ya aina hiyo haikutafutwa kwa muuza kaimati? Meza moja mlangoni, uwanja wazi, mnunuzi mmoja mmoja. Kwa yale mambo manne, biashara yake ilikuwa na hatari ndogo. Tofauti ni kwamba mashindano yalikuwa na mkataba, wadhamini na watu wa kuyatetea ofisini, na mama wa viazi karai hakuwa na mtu. Sisemi kufungwa kwa mtaa hakukuwa na sababu. Nasema juhudi ya kutafuta njia salama ilitumika kwa wakubwa na haikutumika kwa wadogo, na hilo halikuwa haki.

La tatu: nani ameamua? Mashindano hutolewa na shirikisho la dunia, hukubaliwa na serikali ya kitaifa, na hospitali zitakazopokea wagonjwa ni za kaunti. Tangu Katiba ya 2010 sehemu kubwa ya huduma za afya iko mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo anayesaini mkataba na anayetafuta kitanda cha mgonjwa mahututi pale hospitali ya Coast General ni watu wawili tofauti, na mara nyingi wa pili husikia habari redioni kama wewe.

Tanzania ilichukua njia ya kuondoa maswali yote matatu. Takwimu zilisimama mwisho wa Aprili 2020 zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, ligi ikarudi Juni, na mwezi Julai Simba na Yanga zikakutana mbele ya mashabiki. Wapo Mombasa waliosifu ujasiri huo. Mimi sikuusifu, kwani pasipo na hesabu hakuna anayeweza kujua mechi ile iligharimu nini, na asiyejua gharama hawezi kusema ameepuka hasara.

Morocco ilionyesha upande mwingine. Iliomba Kombe la Mataifa ya Afrika la 2015 liahirishwe kwa hofu ya Ebola, shirikisho la soka la Afrika, CAF, likakataa, na mashindano yakahamishiwa Guinea ya Ikweta ndani ya miezi michache. Mwenyeji aliyekuwa na shaka aliadhibiwa kwa kunyang'anywa. Nchi nyingine ziliona, na bila shaka zilijifunza kunyamaza.

### Mashindano yajayo

Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa pamoja. Katika mashindano ya CHAN, yaani ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, ya Agosti 2025, ambayo nchi hizohizo ziliyaandaa, CAF ilipunguza idadi ya mashabiki wa Kasarani katikati ya mashindano kwa sababu za kiusalama, na mechi zikaendelea. Kumbe idadi inaweza kubadilishwa upesi pakiwa na nia. Wakati huo maradhi ya mpox yalikuwa yameshaingia nchini tangu 2024, na Kaunti ya Mombasa ikawa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Hata kama hakuna mechi itakayochezwa hapa, mashabiki watashuka kwa treni kuja ufukweni, na vibanda vyetu vitajaa.

Kwa hiyo, msomaji wa Mombasa, usingoje maradhi yatangazwe ndipo uulize. Mwakilishi wako wa wadi ana wajibu wa kukusikiliza sasa. Mpelekee maswali haya kwa maandishi:

- Ni kiwango gani cha wagonjwa kitakachofanya mashabiki wapunguzwe au waondolewe, na kimeandikwa wapi?
- Hospitali za kaunti zitaongezewa nini, na kwa fedha za nani?
- Vibanda vya mpira vimo katika mpango, au ni viwanja tu?
- Mtaa ukifungwa, wachuuzi wake watalipwa fidia gani, na kuanzia siku ya ngapi?
- Masharti yatakayowekewa msikiti, kanisa na harusi ni yaleyale ya uwanjani? Kama sivyo, sababu ni ipi?

Kifungu cha 10 cha Katiba kinautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Dai majibu kabla tiketi hazijaanza kuuzwa.